Laptopu inazima mchana, ya mezani inajiwasha upya yenyewe: ni vumbi, joto au umeme? (Tabora)

Steshenari_Isevya

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya mafundi.

Ofisi ni steshenari ndogo Isevya, Tabora mjini, mlango unatazama barabara ya vumbi. Vifaa ni laptopu ya inchi 15 (Core i5, ramu GB 8, hadidiski ya kawaida), kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika, printa ya leza na printa ya wino ya matangi. Vyote vinakula umeme kwenye soketi moja ya ukutani, kupitia ekstensheni mbili zilizochomekwa moja kwenye nyingine.

Laptopu: kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni inazima ghafla, hata betri ikiwa imejaa. Kabla ya kuzima feni inalia kwa nguvu na upande wa kushoto haushikiki kwa joto. Ikipoa inawaka kama kawaida. Asubuhi na usiku haina neno.

Ya mezani: yenyewe inajiwasha upya, na mara nyingi ni pale jirani anapoanza kuchomelea mageti. Taa zinafifia kidogo tu, kompyuta imerudi mwanzo, kazi ya mteja imepotea.

Fundi mmoja kashauri tupige Windows upya zote mbili. Mwingine anasema tuzipeleke gereji zikapulizwe kwa kompresa. Je, nianze na lipi? Spiriti ya duka la dawa inafaa kusafishia? Na ninunue stebilaiza (ya kusawazisha volti) au UPS (yenye betri ya akiba)?

---

Bisibisi_Nyota

Mkuu, Windows iache kwanza. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na hakuna linalotibiwa na Windows mpya. Ya mezani nawaachia watu wa umeme, mimi nasema ya laptopu.

Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha joto karibu nyuzi 100. Ikikaribia hapo inapunguza kasi yenyewe, na ndiyo maana kabla ya kuzima utaona mashine imekuwa nzito. Ikizidi, inajikatia umeme isiungue. Kwa hiyo kuzima ni ulinzi. Ukipiga Windows leo, kesho saa sita itazima tena na hela ya fundi imeshaondoka.

Pima kabla ya kufungua. Weka programu ya bure kama HWMonitor au Core Temp, uangalie nyuzi za prosesa mashine ikiwa imekaa bila kazi, halafu ukiwa umefungua video na vivinjari viwili vitatu. Laptopu nzima, kwenye chumba cha joto la Tabora, inakaa kati ya 45 na 60 bila kazi, na kwenye kazi nzito inafika 80 na kitu. Ukiona 95 na kupanda kwa kazi ndogo, hewa haipiti. Andika namba hizo pembeni, utazihitaji kulinganisha baada ya usafi.

Pia nakili faili zako zote nje kabla ya kugusa chochote. Hadidiski iliyozimwa ghafla mara nyingi huwa na majeraha. CrystalDiskInfo itakuonyesha: ikiandika rangi ya njano, hasa kwenye mstari wa 05 au C5, hadidiski imeanza kuharibika sehemu fulani na haitapona. Hapo panga kununua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka).

Sasa kufungua. Zima kabisa, siyo kufunika kifuniko ikalala. Chomoa adapta. Skrubu za chini nyingi ni za bisibisi ya nyota ndogo, PH0, na za ndani PH00. Usilazimishe kwa bisibisi kubwa, kichwa kitaliwa na utaishia kutoboa. Angalia chini ya miguu ya mpira, mara nyingi skrubu mbili zimejificha hapo. Zichore au zipige picha zilivyokaa, maana urefu haulingani: skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inatoboa kibodi au inagusa bodi. Kifuniko kikikwama pitisha kadi ya plastiki pembeni, siyo kisu.

Kitu cha kwanza ukishafungua ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi. Shika kichwa cha plagi, usivute nyaya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 15 hivi, umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Kiangazi hewa ya Tabora ni kavu mno, mwili unabeba umeme tuli ambao hauusikii ila unaua chipu. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa bodi, usivae nguo ya nailoni, usifanyie kazi juu ya zulia.

Fungua skrubu za feni, iinue. Ndipo utakapoona ugonjwa wenyewe: kati ya feni na mapezi ya shaba kuna kitambaa cha vumbi kilichoshikamana, kinene kama blanketi, kimeziba njia yote ya hewa. Hakitoki kwa kupuliza. Kishike kwa kibano ukivute kizima. Ukipuliza kutoka nje bila kufungua unakirudisha ndani, kinakaa siku chache, kisha kinajipanga palepale. Mapezi yaliyobaki yasugue kwa brashi laini ya rangi ya inchi moja au mswaki laini, kwa kufuata mwelekeo wake, yasije yakapinda. Mabawa ya feni yafute moja moja huku ukiishikilia isizunguke.

Mashine ya umri huo, themo pesti (krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa) nayo imeshakuwa jivu. Hitisinki (kile chuma cha shaba kinachopoza prosesa) huwa na namba karibu na skrubu, 1 mpaka 4 au 6. Kulegeza anza na namba kubwa ukirudi nyuma, robo robo, usilegeze moja mpaka mwisho. Futa pesti ya zamani kwenye prosesa na kwenye shaba kwa karatasi laini yenye spiriti. Pesti mpya ni kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa ya laptopu. Kuna mafundi wanaopaka kama siagi kwenye mkate, wakidhani nyingi ndiyo inapoza. Kazi ya pesti ni kujaza vijitundu visivyoonekana kati ya bati mbili, ikiwa nene inageuka kizuizi. Bomba la gramu 1 linatosha kompyuta kadhaa. Na tafadhali, dawa ya meno siyo pesti, wala mafuta ya mgando. Inapoza siku mbili tatu, inakauka, unarudi kubaya zaidi.

Rudisha hitisinki kwa kufuata namba 1, 2, 3, kaza kidogo kidogo kwa kupishana, halafu ndiyo ukaze zote. Usikaze kwa nguvu za mkono mzima, prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma na pembe yake inabanduka.

Spiriti: inayofaa ni ya asilimia 90 na kuendelea, aina ya isopropili. Ile ya asilimia 70 ina maji, inaweza kutumika kufuta pesti lakini subiri ikauke robo saa nzima kabla ya kuunganisha betri. Ile ya zambarau iache kwa majiko, inabakiza utando.

---

Volti230

Bisibisi kamaliza ya laptopu. Ya mezani ni umeme, na umejijibu mwenyewe uliposema taa zinafifia.

Hakikisha hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ingia kwenye kumbukumbu za System. Tafuta mistari yenye Kernel-Power namba 41. Hiyo inaandikwa kila kompyuta inapowaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ndani yake ukikuta BugcheckCode ni 0, hapakuwa na skrini ya bluu, umeme umekatika ghafla au mashine imejikata. Linganisha saa hizo na saa za jirani kuchomelea.

Sababu yake ni hii. Pawasaplai (boksi la ndani linaloigawia mashine umeme) ya kompyuta ya mezani inaweza kuishi bila umeme kwa takriban milisekunde 16, siyo zaidi sana. Mashine ya kuchomelea inapogusisha fimbo inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti kwenye laini yenu wote zinashuka kwa muda mrefu kuliko hapo, pawasaplai inakata. Laptopu haiathiriki kwa sababu betri inashika, na adapta yake imeandikwa 100–240V, kwa hiyo inavumilia umeme mdogo.

Kuhusu stebilaiza: hizi za kawaida zinabadilisha volti kwa rilei (swichi za ndani zinazojigeuza), taa ikizama zinachelewa, tena hazina betri. Zinasaidia umeme ulioshuka na kubaki chini, kama ule wa saa mbili usiku mtaa mzima ukipika na kuangalia TV. Mkupuo wa jirani hazina habari nao. UPS inahama kwenda betri ndani ya milisekunde 10 au chini, kompyuta haijui kilichotokea. Nunua UPS yenye AVR (kisawazisha volti) ndani yake, ukubwa wa VA 650. Hiyo ni kama wati 360 hadi 390 halisi, na kompyuta ya ofisi pamoja na kioo chake haivuki wati 150. Betri ikiwa mpya utapata dakika 10 hadi 20, zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima.

Ila kuna jambo. Printa ya leza USIICHOMEKE kwenye UPS. Ile sehemu inayoyeyusha wino wa unga kwenye karatasi inavuta wati 600 mpaka 1000 kwa vipindi, UPS ya 650 italia na kuzima, au itaungua. Ya leza ipe soketi yake ya ukutani. Printa ya wino haina tabu, inavuta kidogo.

Na hiyo ekstensheni juu ya ekstensheni iondoe leo, usisubiri UPS. Nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba na bati za ndani zinalegea. Leza ikianza kupasha, kiungo kinapata moto. Ishike plagi kwa mkono baada ya kuchapa kurasa 50, ukiikuta ya moto au plastiki imebadilika rangi, hiyo ni ya kutupa. Ndani ya plagi ya pini tatu kuna fyuzi. Isije ikawa imebadilishwa kwa kipande cha waya, nimeona steshenari nyingi mno zinaendeshwa hivyo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Maltimita ya kawaida, weka kwenye V~ 750, ingiza ncha zake kwenye matundu ya laivu (waya wenye moto) na nyuro (waya wa kurudisha) ya soketi. Chukua namba asubuhi, mchana jirani akichomelea, na saa mbili usiku. Kama hujazoea, mwite fundi, umeme wa 230 hausamehe.

Nyuma ya kompyuta za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115/230. Lazima kisomeke 230. Mtu akikisukuma kwa bahati mbaya wakati wa kufuta vumbi, ukiwasha tu utasikia mlio na moshi.

---

Kompresa_ya_Cheyo

Napingana kidogo na Bisibisi hapo juu aliposema vumbi halitoki kwa kupuliza. Upepo wa kompresa siyo adui, inategemea. Kwa kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi la mwaka mzima, brashi peke yake haitafika kwenye pawasaplai na kwenye mapezi ya prosesa. Kompresa yenye kichujio cha maji, shinikizo limeshushwa, pua ikiwa mbali, inafanya kazi nzuri. Mafundi wengi tunafanya hivyo na mashine zinaishi.

---

Bisibisi_Nyota

Neno ni hilo: yenye kichujio. Ya gereji ya matairi haina. Tangi lake lina maji chini na mafuta ya pistoni, ukibonyeza yanatoka matone madogo usiyoyaona, yanakaa chini ya chipu. Kompyuta inawaka vizuri siku hiyo, baada ya mwezi kutu ya kijani. Anayetaka kutumia apulize kwanza kwenye kioo kikavu sekunde 10; kioo kikipata ukungu au doa la mafuta, asisogeze kompyuta hapo.

Pili, feni ishikwe kwa kijiti. Ukiiachia izunguke kwa upepo inapita kasi yake, beringi inakufa, na yenyewe inakuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye bodi.

Kipulizio kidogo cha umeme cha mkononi kinatosha kwa ofisi. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ndiyo mbaya zaidi ya zote, pua ya plastiki inakusanya umeme tuli. Na isitumike kamwe kwenye wino wa unga uliomwagika ndani ya leza: unga ni laini mno, unapita kwenye mfuko na kutapakaa chumba kizima. Huo unafutwa kwa kitambaa kikavu. Ukishika mikononi, maji ya baridi, ya moto yanaugandisha.

Pawasaplai ya mezani puliza kwa nje tu. Usiifungue hata ukiwa umechomoa, kapasita zake zinashikilia volti 300 na ushee kwa muda.

---

Steshenari_Isevya

Nashukuru sana wakuu. Nimerudi na majibu.

Joto kabla ya kufungua: 66 bila kazi, 98 nikifungua video. Fundi kafungua mbele yangu, kitambaa cha vumbi kilikuwepo kama kilivyoelezwa. Baada ya usafi na pesti mpya: 49 na 81. Mchana wa leo haijazima.

Volti: asubuhi 222, saa mbili usiku 187, jirani akichomelea inacheza kati ya 165 na 190. Kernel-Power 41 zimejaa, BugcheckCode 0, saa zinalingana naye.

Yameibuka mapya matatu. Moja, kwenye hitisinki kulikuwa na vipande laini vya rangi ya kijivu juu ya chipu ndogo, kimoja kimechanika, fundi anataka kupaka pesti badala yake. Mbili, ukigusa bati la kompyuta ya mezani ukiwa miguu wazi unasikia ganzi, kama inatekenya. Tatu, tachipadi ya laptopu imenyanyuka upande mmoja na kubofya imekuwa kugumu.

---

Bisibisi_Nyota

La kwanza: hapana, pesti haichukui nafasi ya kile kipande. Kazi yake ni kujaza pengo la milimita nzima au nusu kati ya chipu na shaba. Pesti haifiki, chipu itabaki bila kupozwa. Tafuta kipande kipya cha unene uleule, 0.5, 1 au 1.5. Pima cha zamani sehemu ambayo haijabanwa. Ukiweka kinene kuliko kinachotakiwa, hitisinki inanyanyuka na prosesa inarudi kuchemka, watu wanasema pesti ni feki kumbe ni hicho.

---

Ng'ambo_Betri

La tatu ndilo la haraka kuliko yote. Acha kuitumia hiyo laptopu sasa hivi.

Tachipadi inayonyanyuka ni betri iliyovimba chini yake. Joto la muda mrefu pamoja na kukaa kwenye chaji asilimia 100 usiku na mchana kunazalisha gesi ndani ya seli. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa gesi (kuna mafundi wanafanya hivyo, na seli ya lithiamu ikipata hewa na shoti inawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji). Zima, chomoa adapta, mpe fundi afungue na kutoa betri bila kuichokonoa na bisibisi ya chuma. Ikishatoka iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, kivulini, mbali na vitu vinavyoshika moto. Jalalani isiende, wala kwenye moto wa takataka.

Laptopu nyingi zinawaka kwa adapta tu bila betri. Ila hapo inakuwa sawa na ya mezani: umeme ukipepesa inazima. Ichomeke kwenye UPS mpaka upate betri mpya. Nyingine zitapunguza kasi zikikosa betri, usishangae.

Ukinunua mpya, linganisha namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, siyo jina la laptopu, na volti zake. Ukishaiweka fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili, soma uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Betri "mpya" inayoonyesha asilimia 60 ya uwezo wa kiwandani ni ya zamani iliyobadilishwa ganda, irudishe dukani.

Kwa mashine inayokaa mezani kutwa, weka kikomo cha chaji. Lenovo ipo kwenye programu ya Vantage, Dell na HP ipo ndani ya BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) kwenye sehemu ya betri. Kikomo cha asilimia 80 kinaongeza maisha yake sana.

Na adapta: volti zilingane kabisa na zilizoandikwa chini ya laptopu, ampea ziwe sawa au zaidi. Za wati 65, Dell ni 19.5V 3.34A, HP 19.5V 3.33A, Lenovo 20V 3.25A. Ampea pungufu adapta inachemka. Kwenye Dell kuna kipini cha katikati kinachoitambulisha adapta. Isipotambuliwa laptopu inawaka lakini haichaji na inakwenda polepole, watu wanaikimbilia Windows tena.

---

Volti230

Ile ganzi: hamna ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, zinavujisha umeme kidogo kwenye bati, na umeme huo unatakiwa ushuke ardhini kupitia pini ya tatu. Ethi isipokuwepo bati linabaki na karibu nusu ya volti za laini, mkondo wake mdogo sana, ndiyo maana unatekenya tu. Tatizo ni siku waya wa laivu utakapogusa bati ndani. Hapo hakuna cha kuukata.

Pima kwenye soketi: laivu kwa nyuro, halafu laivu kwa ethi. Zikilingana kwa tofauti ya volti chache, ethi ipo. Laivu kwa ethi ikisoma 60, 90, 110 inayocheza, hiyo soketi ina tundu la tatu la mapambo. Angalia kwanza kama plagi ya kompyuta haijakatwa pini au kuwekewa kichwa cha pini mbili. Kama ziko sawa, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kazi yenyewe ni fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini vizuri na waya wa kijani na njano mpaka kwenye bodi ya swichi. Kiangazi ardhi ya huko inakauka, fimbo ifike kwenye udongo wenye unyevu. Kinga za mkupuo zilizo kwenye ekstensheni nzuri nazo zinategemea ethi hiyohiyo.

Kwa volti zako: 187 UPS yenye AVR inazipandisha bila kutumia betri. Kwenye 165 nyingi zinahamia betri, na kama jirani anachomelea kutwa, UPS itahama mara mia na betri yake itakufa mapema. Hapo stebilaiza ina kazi: iweke KABLA ya UPS, VA 1000 au zaidi, UPS ichomekwe kwenye stebilaiza, kompyuta kwenye UPS. Usigeuze. Zungumza pia na jirani. Laini yake ikitenganishwa na yako kwenye nguzo, au kiungo kilicholegea kikakazwa, tatizo linapungua nusu bila kununua kitu. Viungo hivyo havikazwi na fundi wa mtaani, ripoti kwa wenye nguzo.

Dalili moja ya kukimbilia swichi kubwa: taa za chumba kimoja zinafifia wakati za kingine zinang'aa kupita kawaida. Nyuro imekatika au imelegea huko nje, na nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Zima yote, usisubiri kuona itakuwaje.

---

Kumbikumbi_wa_Novemba

Nyongeza fupi. Mvua za kwanza kumbikumbi wanafuata mwanga wa kioo, mabawa yao yanaingia kwenye feni na kuziba mapezi kuliko vumbi. Usiku huo punguza mwanga wa kioo, taa ya nje iwake mbali na mlango. Sisimizi nao wanapenda pawasaplai kwa sababu ya joto. Usilie chakula mezani.

Radi: ikianza kunguruma chomoa plagi ukutani, siyo kuzima swichi tu. Chomoa na waya wa intaneti na wa dishi kama umefika kwenye kompyuta, radi inapita huko vilevile. UPS haizuii radi.

Ya mezani inue kutoka sakafuni angalau sentimita 20, vumbi la kufagia linaishia usawa huo. Fagia kwa kunyunyiza maji, siyo kavu. Nyuma yake acha nafasi ya kiganja, isibanwe ukutani. Vile vitambaa vya kufuma vya kufunikia ondoa kabla ya kuwasha. Usafi wa kufungua ufanye Agosti au Septemba, joto la Oktoba lisikukute na blanketi ndani.

Na kwa kuwa ni steshenari, flashi za wateja: zima kujifungua zenyewe, zikague kwa Windows Defender kabla ya kufungua faili. Folda zikigeuka njia za mkato, faili hazijapotea, zimefichwa. Kama flashi ni F, andika kwenye dirisha la amri attrib -h -r -s /s /d F:\*.* zitarudi. Usibofye ile njia ya mkato kamwe.

---

Steshenari_Isevya

Asanteni wakuu, betri imeshatolewa. Nimepata UPS ya VA 650 iliyokaa dukani muda mrefu, inalia mlio mmoja kila sekunde chache hata ikiwa kwenye umeme. Mbovu?

---

Volti230

Huenda betri yake imekaa bila chaji. Ichaji saa 8 bila kuchomeka kitu. Kisha weka balbu ya wati 60 ya zile za waya, chomoa ukutani, uhesabu. Ikizima ndani ya dakika 2 betri imekufa: ni ya asidi, 12V 7Ah, inabadilishwa kwa skrubu nne, nyekundu kwenye chanya. Fungua ikiwa imechomolewa ukutani na imezimwa. Dai bei ya betri ipunguzwe kwenye bei ya UPS, na uangalie isiwe imevimba ubavuni. Kwenye chumba cha joto betri hizo zinakwenda miaka 2 hadi 3, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu yake siku unayoiweka.